Kuni za mwanafunzi hazina risiti

Tangu Serikali ielekeze taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa, tarehe ya kwanza ikiwa mwisho wa Januari 2024, mazungumzo kuhusu shule zetu yameelemea upande mmoja. Tunaona picha za mitungi ya gesi ikishushwa, majiko yakizinduliwa, na wanafunzi wamesimama mbele ya mgeni rasmi wakionyesha mkaa waliotengeneza kwa pumba za mpunga au jiko waliloliunda kwa madebe. Wanapigiwa makofi, na wengi wanaoandika chini ya picha hizo wanasema ubunifu wa vijana ndio utakaotutoa. Makofi hayo vijana wanayastahili. Lakini naamini tumeielewa vibaya nafasi yao. Tumewapa kazi ya kubuni vitu ambavyo kwa sehemu kubwa vimekwisha kubuniwa, tukawanyima kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya kwa niaba yao: kupima kinachotumika shuleni kwao, kukiandika, na kukikabidhi kwa wanaowafuata. Bila kazi hiyo, gesi itaisha kwenye mitungi na shule zitarudi kwenye mafiga, na hakuna atakayejua kwa nini.

Tuanze na lengo lenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Dar es Salaam Mei 8, 2024, na unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Siku sita baadaye Rais Samia alikuwa Paris, akiwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa nishati safi ya kupikia kwa Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Taasisi kama shule zilitangulizwa katika safari hii kwa sababu inayoeleweka. Jiko moja la shule huchoma kuni ambazo zingepikia kaya nyingi, na lipo sehemu moja, chini ya mkuu mmoja. Ukilibadilisha hilo umebadilisha mengi kwa mkupuo. Msitu nao unahitaji nafuu hiyo, kwa kuwa takwimu za Serikali zinataja upotevu wa takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Kwa hiyo mwelekeo ni sahihi na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu uko kwenye hesabu za shule ya kutwa ya kijijini, ambako agizo linakutana na daftari la mapato na matumizi.

Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari na 10,000 kwa wa msingi, kwa mwaka mzima, viwango tulivyovizoea kwa miaka mingi. Humo ndani kuna vitabu, chaki, mitihani ya ndani na bati lililong'olewa na upepo. Chakula cha mchana hakimo. Hicho wanakibeba wazazi: debe la mahindi, kilo kadhaa za maharage, na fedha kidogo ya kumlipa mpishi. Kuni wanazibeba watoto wenyewe. Kwenye shule nyingi za vijijini, Jumatatu asubuhi utawaona barabarani, daftari kwapani na fito tatu au nne kichwani. Kwa kuwa kuni hizo hazinunuliwi, kwenye vitabu vya shule nishati ya kupikia inasomeka sifuri. Kisha anakuja mzabuni wa gesi na ankara yake. Mkuu wa shule anaweka mbele ya kamati karatasi mbili, moja ina sifuri na nyingine ina laki kadhaa kwa mwezi. Unategemea kamati ichague nini? Hapo gesi imeshindwa kabla haijawashwa, na imeshindwa kwa sababu kuni za mwanafunzi hazina risiti.

Sifuri hiyo ni ya uongo. Kuni zina gharama, na gharama hiyo inalipwa kwa saa za mtoto, kwa mbali anakokwenda kuzitafuta kadiri miti inavyokwisha karibu na makazi, kwa macho ya mpishi, kwa mgunga uliokatwa ukiwa mbichi kwa sababu mikavu imekwisha. Nani anaweza kuiandika gharama hiyo? Afisa misitu wa wilaya hayupo barabarani Jumatatu alfajiri. Mtafiti wa chuo kikuu atakuja wiki mbili na kuondoka. Wanaobeba ndio wanaojua walikozitoa, walitembea muda gani na zamani zilikuwa zinapatikana wapi.

Nitasimulia jambo moja nililoliona mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mlezi wa klabu ya mazingira katika sekondari moja ya kutwa mkoani Dodoma. Mwaka mmoja wanafunzi waliazima mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi wa mazao wa pale kijijini, wakaifunga kwenye tawi la mwembe karibu na jiko, na kila Jumatatu wakawa wanapima mizigo ya kuni inavyoingia. Daftari lao lilikuwa na safu tatu: tarehe, uzito, na mahali kuni zilikotoka. Wiki ya pili binti mmoja wa kidato cha pili aliongeza safu ya nne kwa rula na kalamu nyekundu, akaandika juu yake "dakika". Baada ya mwezi safu hiyo ilituonyesha kwamba mwanafunzi wa kawaida anatumia kutafuta kuni muda unaokaribia vipindi vyake vya fizikia vya wiki nzima. Tukalipeleka daftari kwa mpishi, tukamuuliza kwa nini maharage hayalowekwi usiku, maana kila mtu anajua maharage yaliyolowekwa yanaiva upesi. Akajibu, "Mwalimu, nitaloweka nini? Maharage yako stoo, na ufunguo wa stoo unakuja saa mbili asubuhi." Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Mwalimu wa stoo akakubali kupima maharage jioni kabla ya kuondoka, na kuni zilizokuwa zinakwisha kwa siku nne zikaanza kufika siku ya tano. Hakuna kilichobuniwa. Ufunguo ulibadilisha saa.

Mwaka uliofuata nilipata uhamisho, waliokuwa wakipima wakawa kidato cha nne wakizongwa na mtihani, na daftari likabaki stoo chini ya magunia. Niliporudi kusalimia, maharage yalikuwa yanapimwa tena asubuhi. Klabu ilikuwa na mradi mpya, wa kutengeneza mkaa wa karatasi, na walikuwa wakijiandaa kwa maonyesho. Sikuwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kuwa kuna kazi waliyorithi. Lakini siku ile ndipo nilipoelewa shule zetu zinapungukiwa nini. Mwanafunzi wa sekondari ya kawaida ana miaka minne tu, wa mwisho unachukuliwa na mtihani, wa kwanza anajifunza njia ya kwenda darasani. Katikati inabaki miaka miwili. Mradi wowote wa mazingira unaodai zaidi ya miaka miwili utakufa mkononi mwake, hata awe hodari namna gani, mpaka shule iwe na utaratibu wa kukabidhiana.

Miti inaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Tuna Siku ya Kitaifa ya Kupanda Miti Aprili 1, tuna kampeni ya Soma na Mti inayotaka kila mwanafunzi awe na mti wake, na tuna agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Sasa chukua kalenda ya shule uiweke kando ya kalenda ya mvua. Tanga na Dar es Salaam, Aprili ni masika, mche unapata maji mpaka Mei ukashika mizizi. Dodoma na Singida, mvua ni ya msimu mmoja, inaanza kati ya Novemba na Desemba na Aprili inaaga. Mche uliopandwa huko Aprili 1 unapata wiki chache za unyevu, halafu unaikabili miezi zaidi ya sita ya ukavu, na Juni wenye ndoo wamefunga shule. Wakati mzuri wa kupanda huko ni Desemba, na ndiyo sababu kampeni ya kuikijanisha Dodoma ilizinduliwa Desemba mwaka 2017. Ila Desemba wanafunzi wako nyumbani. Mche wa shule ya Dodoma kwa hiyo hupandwa mvua ikiondoka, au husubiri kwenye kiriba mpaka Januari, mwanafunzi anaporudi na nusu ya msimu imekwisha. Anayeulaumu "uvivu wa wanafunzi" miche ikikauka hajaziweka kalenda hizi mbili mezani. Na halmashauri ikidaiwa taarifa, inadaiwa idadi ya iliyopandwa. Safu ya iliyo hai baada ya miaka miwili haipo kwenye fomu nyingi nilizowahi kujaza.

Wapo watakaosema haya ni ya zamani na tulikwisha kuyajaribu. Ni kweli. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea, shamba la shule lilikuwa moyo wa jambo lenyewe, na kilichosahaulika mapema ni masharti aliyoyaweka. Alitaka kazi ya shamba iungane na masomo ya darasani, wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, na waone faida ya juhudi yao na hasara ya uzembe wao. Katika shule nyingi masharti yalianguka, likabaki jembe. Shamba likawa mahali pa kumpeleka mchelewaji, mavuno yakaenda kusikojulikana, na kizazi kizima kikajifunza kuwa kulima ni adhabu. Hoja hii naipa uzito mkubwa kuliko zote zinazotolewa dhidi yangu. Ukimwambia mzazi wa leo kwamba mwanawe atapima kuni na kumwagilia miti, anakumbuka fimbo na kiboko. Tena mzigo wa ndoo kwa kawaida unamwangukia msichana, ambaye nyumbani ameshachota maji kabla ya kutoka. Kwa hiyo sisemi watoto waongezewe kazi. Kuni wanazibeba tayari, maji wanayachota tayari. Nasema kazi wanayoifanya sasa bila kuandikwa iandikwe, ihesabiwe kwenye somo la hisabati na jiografia, na matokeo yake yasomwe kwenye kikao cha wazazi na mwanafunzi mwenyewe. Mtoto anayesoma mbele ya kamati kwamba darasa lake lilitembea saa kadhaa wiki hii kutafuta kuni hafanyi adhabu. Anatoa ushahidi, na ushahidi huo ndio unaoweza kumwondolea mzigo.

Hoja ya pili ni ya haki. Bara zima la Afrika linachangia kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotolewa duniani, basi kwa nini mtoto wa Kongwa, Dodoma, abebeshwe dhamira ya kuiokoa dunia wakati wenye viwanda wanaendelea? Hapa nakubaliana na lawama na kukataa hitimisho. Madai ya haki yapelekwe kwenye mikutano ya kimataifa na yasilegezwe. Ila kuni za shule hazikuwa kwanza kabisa suala la tabianchi ya dunia. Ni suala la umbali wa kwenda porini, la moshi unaoingia kifuani mwa mpishi, la chemchemi iliyokauka kwa kuwa kilima kimebaki upara. Takwimu ambazo Serikali imekuwa ikizinukuu zinahusisha moshi wa kupikia na vifo takriban 33,000 kwa mwaka hapa nchini. Hilo ni letu hata kama dunia nzima ingekuwa haina joto lolote la ziada.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayosikika sana majukwaani, ni kwamba vijana wa Kiafrika ni wabunifu kwa asili, kwa hiyo tuwape mashindano na tuzo, mengine yatafuata. Mfano unaotolewa karibu kila mara ni wa William Kamkwamba wa Malawi, kijana wa miaka 14 aliyejenga kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli na nguzo za mkaratusi baada ya njaa ya 2002. Mfano ni mzuri, na unathibitisha kinyume cha kile unachotolewa kuthibitisha. Kamkwamba hakushinda shindano lolote ili aanze. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada, akawa anasoma vitabu katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya kijijini kwao. Kinu chake kilidumu kwa sababu kilisimama nyumbani kwao, taa iliyowashwa ilikuwa ya chumba chake, na kikiharibika yeye ndiye aliyekipanda kukitengeneza. Alikuwa mbunifu na fundi wa matengenezo kwa wakati mmoja. Maonyesho yetu mara nyingi hutuza nusu ya kwanza na kuiacha nusu ya pili. Kifaa hubebwa kwenye boksi mpaka Dar es Salaam, hupata cheti, hurudi na kuwekwa juu ya kabati la maabara. Sisemi maonyesho yafutwe. Onyesho la sayansi la Young Scientists Tanzania, lililoanzishwa 2011, limewapa wanafunzi wa shule za kata nafasi ya kutetea utafiti wao mbele ya majaji, na utafiti mzuri ninaouona huko ni ule ulioanza kwa kupima kitu cha kijijini. Ninachotaka ni swali moja liongezwe kwa kila mshindi anayerudi mwaka wa pili: kile cha mwaka jana kinafanya kazi?

Tunao mfano mwingine wa kwetu, wa subira. Shinyanga ya miaka ya 1980 ilikuwa imekatwa miti kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986, mwanzoni ulipeleka vitalu na miche kama ilivyozoeleka. Kilichokuja kushika zaidi ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lisichungwe wakati wa masika ili lifae kiangazi. Visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi vikachipua vyenyewe. Kutoka hekta mia chache, mpaka mapema miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, nyingine zikiwa za vijiji na za taasisi, zikiwemo shule. Dodoma leo inafanya jambo la jamaa yake kupitia Kisiki Hai, ambako mkulima anachagua machipukizi ya kisiki, anapogoa mengine na kuyalinda yaliyobaki. Mti wa namna hiyo tayari una mizizi, kwa hiyo hauogopi Juni. Kwa shule inayofungwa miezi ya ukavu, robo eka iliyozungushiwa uzio wa miiba na kupogolewa mara mbili kwa mwaka inaweza kuwa na maana kuliko miche mia tano iliyopandwa kwa siku moja. Haina picha nzuri ya uzinduzi, nakubali. Mgeni rasmi atasimama wapi, na atashika nini?

Haya yote yanaelekea kwenye maamuzi yaliyo karibu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, sekondari. Kama kweli tunataka ujuzi unaofanya kazi, jiko la shule ni karakana iliyopo tayari: kuna joto la kupima, kuna mabomba ya gesi ya kukagua yasivuje, kuna vichomeo vya kusafisha, kuna ankara za kusoma. Shule nyingi zitakazofungiwa mfumo wa gesi hazitakuwa na fundi ndani ya kilomita 50. Kichomeo kikiziba Jumanne, mpishi hatasubiri, atawasha kuni Jumatano, na akiwasha kwa wiki mbili huo ndio utakuwa utaratibu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefundishwa kukifungua, kukisafisha na kuandika tarehe ndiye mlinzi wa kweli wa ule mkakati wa 2034. Kwa wahisani na kampuni zinazopenda kutoa mitungi, wanaotaka msaada wao udumu watoe na mizani, daftari lenye jalada gumu na fedha ya kumrudisha fundi baada ya mwaka. Kwa maofisa wa halmashauri, fomu ya miti inaweza kubadilishwa kesho bila kusubiri bajeti, kwa kuongeza safu moja tu.

Kwa walimu wenzangu walezi wa klabu, ombi langu ni dogo na lina tarehe. Kidato cha nne huanza mtihani wa Taifa kuelekea Novemba, na baada ya hapo huwapati tena. Kabla ya Septemba haijaisha, chagueni siku moja jioni, waiteni wa kidato cha nne na wa kidato cha pili kwenye chumba kimoja, mpishi awepo na mwalimu wa stoo awepo. Wakubwa wafungue daftari, wasome ukurasa kwa ukurasa walipima nini, kipi kiliwashinda, mche upi uliliwa na mbuzi wa nani, ufunguo wa stoo unakaa kwa nani. Wadogo waulize, kisha waandike majina yao na tarehe chini ya mstari wa mwisho, na daftari lilale ofisini kwa mkuu wa shule, kwenye rafu ileile ya vitabu vya fedha.